Kwa nini "Mtumishi" limekuwa jina la mtu anayetumikiwa?

#1 Kandambili (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Kuna jambo limenikaa rohoni tangu Jumapili iliyopita. Mimi ni mhudumu wa mlangoni kanisani kwetu. Kanisa la kawaida tu, viti vya plastiki, feni nne ambazo mbili ndizo zinazozunguka. Tulikuwa na mgeni kutoka mkoa mwingine. Wiki nzima tangazo lilikuwa moja: "Mtumishi anakuja, tujiandae kumpokea Mtumishi." Kiti chake tukaambiwa kisiguswe. Ni kile cha mahameli nyekundu, mgongo mrefu, nakshi za rangi ya dhahabu. Pembeni stuli, juu yake glasi iliyofunikwa kitambaa cha kudarizi, maji ya chupa na boksi la tishu. Alipofika, kijana mmoja akambebea Biblia, wa pili begi, wa tatu kazi yake ilikuwa kumpa taulo la jasho.

Somo? Marko 10, kuanzia mstari wa 35. Wana wa Zebedayo wanaomba viti vya kulia na kushoto, na Yesu anawajibu kwamba anayetaka kuwa mkubwa awe mtumishi. Alihubiri vizuri, siwezi kumsingizia. Tulishangilia mpaka spika ikaanza kulia.

Nikatoka nje kidogo. Nyuma, kwenye banda la jikoni, kuna mama alikuwa amechuchumaa anasugua sufuria la chai kwa majivu, mikono myeusi hadi kwenye viwiko. Alifika saa kumi na moja alfajiri. Mahubiri hakuyasikia, maana spika imeelekezwa barabarani. Na huyo hakuna anayemwita Mtumishi. Anaitwa Mama Nani sijui.

Swali langu: Yesu alimaanisha utumishi ni njia ya kuufikia ukubwa, yaani tumika leo utakwezwa kesho? Au kutumika kwenyewe ndiyo ukubwa, na hakuna kingine kinachofuata? Naona sisi tumechukua jina tukaiacha kazi.

Nawasilisha.

#2 Chachandu

Wa kwanza leo. Ila mkuu, umeanza na "Wakuu". Tangu nijiunge humu sijaona mtu akisalimia "Watumishi, heshima kwenu". Humu ndani ni wakuu watupu, hadi mwenye simu ya kuazima.

#3 Mzee wa Mbalizi

Mleta mada, asante. Isome tena Marko 10 polepole. Yakobo na Yohana walipoomba viti, Yesu hakuwaambia waache kutaka ukubwa. Aliwaambia hawajui wanaloliomba, akawauliza kama wanakiweza kikombe chake. Kisha akawaita wote kumi na wawili akawapa masharti: unataka kuwa mkubwa, tumika, unataka kuwa wa kwanza, uwe mtumwa wa wote. Tamaa aliiacha palepale, akageuza barabara. Na Wafilipi 2 ni hivyohivyo. Alijishusha mpaka mauti ya msalaba, "kwa hiyo" Mungu akamwadhimisha. Hilo "kwa hiyo" watu wanaliruka. Mimi nasema ni njia, na inafika.

#4 Nyakato

Mzee, walioomba si wao, ni mama yao. Alikwenda akasujudu mbele ya Yesu kabisa.

#5 Mzee wa Mbalizi

Hiyo ni Mathayo 20. Kwa Marko wanaomba wenyewe. Mimi nimetaja Marko.

#6 Chachandu

Mathayo aliwasitiri washikaji akamtwika mama. Hata leo mtoto akifeli, anayeitwa shule ni mama.

#7 Nyakato

Haya, nimekubali. Ila wale kumi wengine walikasirika kwa nini? Mahubiri mengi yanawachora kama watu waliochukizwa na kiburi cha wenzao. Mimi naona walikasirika kwa sababu wamewahiwa foleni. Na Luka 22 anasema ubishi wa nani mkubwa ulizuka mezani, karamu ya mwisho, mkate umeshamegwa. Watu wanatoka kushiriki na midomo haijakauka wanagombea vyeo. Kwa hiyo mleta mada usijione una bahati mbaya, kanisa lako liko sawa na la kwanza.

#8 Fundi Baiskeli

@Mzee wa Mbalizi, hapo mimi na wewe tunaachana. Ukitumika ili uwe mkubwa, hujatumika, umewekeza. Na uangalie hao wawili walipata nini. Walisema tunakiweza kikombe. Matendo 12:2, Herode akamuua Yakobo kwa upanga. Hakuna kiti kilichotokea pale katikati. Kama ni njia ya kwenda mahali, mbona mwenyewe akijulisha habari zake hasemi "nilitumika nikapanda"? Anasema alikuja kutumika na kutoa nafsi yake iwe fidia. Nukta. Ukubwa ndiyo huohuo, haufuatiwi na kitu.

Wafilipi umeitaja vizuri, lakini aliyejishusha hakujishusha kwa sababu ameambiwa atakwezwa. Baba akimkweza hiyo ni kazi ya Baba.

#9 Mzee wa Mbalizi

Waebrania 12:2: kwa ajili ya furaha iliyowekwa mbele yake aliustahimili msalaba. Iliwekwa mbele yake, aliiona. Rudi tena fundi.

#10 Kamusi Kichwani

Mnagombana kwa Kigiriki mkiwa mmevaa Kiswahili. Tuangalie maneno. Mtume, mtumwa, mtumishi: wote watatu wamezaliwa na kitenzi kimoja, kutuma. Mtume ni mwenye kutumwa, mtumwa naye ni aliyetumwa, mtumishi ni mwenye kutumika. Ndugu wa tumbo moja. Leo mmoja ana mabango barabarani (Mtume na Nabii Fulani), mmoja ana kiti cha mahameli, na wa tatu hakuna anayetaka kuitwa jina lake hata kwa utani.

Na Marko ametumia maneno mawili, si moja. Mstari wa 43 ni mtumishi, kwa Kigiriki diakonos, mtu wa kuhudumia mezani. Mstari wa 44 ni mtumwa, doulos, mtu wa kununuliwa. Wahubiri wanaishia wa 43. Sijawahi kumsikia yeyote akijitangaza "Mtumwa wa Wote, Dokta Fulani".

#11 Chachandu

Hiyo kadi ya mwaliko ningeichangia.

#12 Mwana Mkunazini

@Kamusi Kichwani umegusa penyewe. Mimi nimekulia Unguja, Mji Mkongwe. Kanisa kuu la Anglikana pale Mkunazini limejengwa palipokuwa na soko la watumwa, lile lililofungwa mwaka 1873 enzi za Sultani Barghash. Wanakuambia altare imekaa palipokuwa na mti wa kuwachapia watu. Aliyelijenga, Askofu Edward Steere, ndiye huyohuyo aliyefanya kazi kubwa ya kulitia Agano Jipya katika Kiswahili. Sasa fikiria. Mtu anatafsiri "awe mtumwa wa wote" na wasikilizaji wake ni watu walioshushwa majahazini na minyororo juzijuzi. Neno hilo kwao halikuwa fumbo. Walikuwa na makovu yake.

Na kutoka humohumo alitoka Cecil Majaliwa, mtoto wa Kiyao aliyekombolewa utumwani, akapewa upadri mwaka 1890, Mwafrika wa kwanza katika misheni ile. Alikwenda kufanya kazi upande wa Masasi. Sasa huyu tumwekee hesabu ipi? Hakuchagua kushuka, alishushwa. Kupanda kwake kulitokana na nini, unyenyekevu au kukombolewa?

#13 Fundi Baiskeli

Hilo swali zito. Sina jibu la haraka.

#14 Bakari wa Chumbageni

Assalaam alaykum. Mimi si wa dini yenu ila uzi umenishika. Jambo moja la lugha. Biblia yenu ya Kiswahili kwenye Yohana 13 inasema Yesu aliwatawadha wanafunzi miguu. Kutawadha ni neno letu la udhu, kila siku tunatawadha mara tano wenyewe kwa mikono yetu. Kumtawadha mwenzako ndiyo jambo la ajabu. Labda maiti, au mgonjwa asiyejiweza.

La pili, kwetu pwani harusini kulikuwa na kiosha miguu. Bwana harusi akifika anaoshwa miguu, halafu anatoa pesa. Ni ada, ina bei yake, kama kifungua mlango. Kwa hiyo kuoshwa miguu kwetu ni ukubwa, na mwoshaji anaondoka na chake mfukoni. Hakuna aliyejishusha, wamebadilishana tu.

Na kuna msemo wa Kiarabu kwamba bwana wa watu ni mtumishi wao. Wengi wanausema ni hadithi ya Mtume, ila wanazuoni wanaihesabu dhaifu kwa sanadi, yaani mlolongo wa waliopokezana. Maana yake lakini nzuri.

#15 Nyakato

Alaykum salaam, karibu. Umekuwa mkweli kuliko wahubiri wetu, wangekuwa wao sanadi wasingeitaja.

#16 Sabato Njema

Kwetu Wasabato hii si nadharia, ni ratiba. Kila robo mwaka kabla ya Meza ya Bwana kuna huduma ya unyenyekevu. Wanaume upande wao, wanawake upande wao, mnatawadhana miguu wawiliwawili. Beseni, jagi, taulo, benchi.

Nitawaambia lililonikuta. Nilikuwa na ugomvi wa mpaka wa shamba na mzee mmoja, mwaka wa tatu hatusalimiani. Sabato ile nilichelewa, nikakuta watu wameshapangana, aliyebaki peke yake kwenye benchi ni yeye. Tukatazamana. Mzee wa kanisa akanisukumia beseni. Nikapiga magoti. Mguu wake ulikuwa na gaga, kisigino kimepasuka kama shamba la Septemba, na kwenye kidole gumba kuna kovu la jembe. Nilipokuwa nawaza namna ya kuanza maombi akasema kwa sauti ya chini, "Maji ya baridi hayo." Hakusema kingine. Ikaja zamu yake. Mimi soksi yangu ilikuwa na tundu, nikaikunja haraka nikaitia mfukoni, akaiona.

Mpaka wa shamba? Haujaisha. Uko baraza la ardhi la kata hadi leo. Lakini sasa tunasalimiana tukikutana kwenye kesi.

#17 Chachandu

Hahaha, mnatawadhana halafu mnashitakiana. Ila niambie kweli, si nasikia watu huja wameshaosha miguu nyumbani na kupaka mafuta?

#18 Sabato Njema

Kweli tupu. Nani atakuja na miguu michafu mbele za watu? Mimi mwenyewe huwa nasugua kwa jiwe Ijumaa. Na kuna hili la kuchagua: wenye magari wanajikuta wametawadhana wenyewe kwa wenyewe. Sasa ukiniuliza kama huduma hii inatushusha, nitasema siku niliyoshuka ni ile niliyochelewa.

#19 dada_wa_zamu

Habari zenu. Mimi huwa nasoma tu siandiki.

Mimi ni dada wa kazi. Nyumba niliyofanya kazi mwanzo ilikuwa ya watu wa kanisani sana, kila jioni ibada. Nikichelewa kutoa chakula naambiwa nisome mistari ya unyenyekevu. Nikidai mshahara wa miezi miwili naambiwa Yesu aliosha miguu bila kulipwa. Miguu ya watoto wao nilikuwa naiosha kila siku mimi, na ya bibi yao aliyepooza, na yeye nilimuosha mwili mzima.

Ninachoona ni hiki. Yesu yale maneno aliwaambia waliokuwa wanagombea viti. Hakumwambia aliyekuwa anaosha vyombo. Mbona mnatuhubiria sisi?

#20 Fundi Baiskeli

Dah.

#21 Kandambili (mleta mada)

Dada, asante kwa kuandika. Hiyo aya yako ya mwisho nimeisoma mara tatu.

#22 Mzee wa Mbalizi

Binti, ulidhulumiwa, na Yakobo 5:4 inasema ujira wa vibarua uliozuiliwa unapiga kelele. Hilo halina mjadala. Ila tusiseme kwamba aliye chini hahitaji unyenyekevu. Kiburi hakichagui mshahara.

#23 Nyakato

Mzee, amesema hakuhubiriwa yeye KWANZA. Usimgeuzie kibao. Na tukiendelea na Yohana 13, aliyevua vazi akajifunga kitambaa ni Mwalimu na Bwana, anasema mwenyewe kwamba mnaniita hivyo na mwanena vema. Alikuwa na cha kuvua. Ukimwambia asiye na vazi avue, umemvua nini?

#24 Ngazi ya Chini

Naomba niongeze kisa, na huenda kikawapinga wote. Kijijini kwetu alikuwepo bibi aliyefagia kanisa miaka mingi, tangu mimi sijazaliwa. Hakuwahi kulipwa hata ndoo ya mahindi. Ulipofika mwaka wa jubilei ya kanisa wakamwita mbele, wakamvisha kitenge, wakampa cheti kwenye fremu. Tulilia. Alistahili.

Kuanzia hapo hakuna aliyeweza kugusa ufagio. Vijana wakifagia anarudia. Wasichana wakipanga maua anayapangua. Mchungaji mpya alipotaka kubadili mpangilio wa mabenchi, bibi alikaa benchi la mbele siku mbili, akila hapohapo, mpaka wakayarudisha. Alikuwa na ufunguo wa kanisa kiunoni, na hata mzee wa kanisa alikuwa anauomba kwa adabu. Ufagio ukawa fimbo ya enzi. Sasa huyu alikuwa mkubwa kwa utumishi au alikuwa mtawala mwenye ufagio? Na mahameli hakuwa nayo hata kipande.

#25 Chachandu

Kila kanisa lina bibi huyu. Kwetu anashika ufunguo wa stoo ya viti vya plastiki.

#26 Kamusi Kichwani

@Ngazi ya Chini, hicho cheti ndicho kilichomponza. Na si jambo la kwenu tu. Papa Gregori wa Kwanza, aliyekuwa Papa kuanzia 590 hadi 604, alichukizwa na Patriaki wa Konstantinopoli kujiita wa kiulimwengu, yeye akajiita mtumishi wa watumishi wa Mungu. Alijibu majivuno kwa kujishusha, sawa. Lakini karne zikapita, jina likabaki kuwa cheo cha Papa mpaka leo, linaandikwa juu ya hati zake. Neno la chini kabisa likapanda likakaa juu ya yote. Kwa hiyo mleta mada, mgeni wenu wa mahameli ana ukoo mrefu.

#27 Mwenge wa Jioni

Mbona hamjamtaja Papa Francis? 2013, wiki chache tu tangu achaguliwe, Alhamisi Kuu hakwenda kwenye kanisa kubwa, alikwenda gereza la vijana Roma akawatawadha kumi na wawili, wakiwemo wasichana na Waislamu. Watu walilalamika, kwa kuwa taratibu zilikuwa zinasema wanaume. Januari 2016 taratibu ikabadilishwa. Halafu 2019 akawaosha miguu viongozi wa Sudan Kusini. Huo ndio ukubwa wa kweli, dunia nzima ilisimama.

#28 Juba Road

Sahihisho. Hakuwaosha. Tarehe 11 Aprili 2019, Vatikani, baada ya siku za mafungo, aliinama mbele ya Salva Kiir, Riek Machar, mama Rebecca Nyandeng na wenzao, akawabusu viatu. Alikuwa na miaka 82, alisaidiwa kuinama na kuinuka. Viatu, si miguu. Vilikuwa vimepigwa rangi vinang'aa.

Na mimi nimeishi na watu wa Juba, nawaambia: wakimbizi waliiona video hiyo kambini wakalia. Wengine kwa furaha, wengine kwa hasira, kwamba mzee mtakatifu anabusu miguu ya waliotufukuza nyumbani, miguu yetu hajaiona. Serikali ya pamoja ilikuja kuundwa Februari 2020. Machi 2025 Machar akawekwa kizuizini nyumbani kwake. Tuseme busu lilifanya kazi au halikufanya?

#29 Mwenge wa Jioni

Asante kwa sahihisho. Lakini hakubusu ili apate mkataba.

#30 Juba Road

Aliwaomba wabaki katika amani. Hilo ni ombi, lina lengo. Sisemi vibaya, nasema tu @Fundi Baiskeli angemwambia amewekeza.

#31 Fundi Baiskeli

Mnanitafuta sasa. Kuwekeza ni kutaka faida yako. Kutaka wengine wasiuane si faida yako.

#32 Mhaya Halisi

Mifano ya nyumbani ipo. Kardinali Laurean Rugambwa, Mwafrika wa kwanza kuwa kardinali katika nyakati hizi, 1960. Alikuwa mtoto wa ukoo wa kichifu, akaukataa uchifu akaenda seminari.

#33 Mwana wa Bungoma

Ndugu, umechanganya wawili. Wa kuukataa uchifu ni wetu, Kardinali Maurice Otunga, mtoto wa Chifu Sudi Namachanja wa Wabukusu. Baba alimtaka arithi kiti, kijana akasema kiti changu kiko kwingine. Ukardinali alipewa 1973. Na alipostaafu 1997 hakujengewa jumba, alikwenda kuishi Nyumba ya Wazee hapa Nairobi, kwa wale masista wanaotunza wazee maskini, mpaka mwisho wake 2003. Kardinali mzima katika foleni ya uji na wazee wenzake.

#34 Mhaya Halisi

Nimekubali kusahihishwa, ila 1960 ibaki yetu.

#35 Mwana wa Bungoma

Ibaki. Hatugombanii viti vya kulia na kushoto.

#36 Chachandu

Mnagombania. Tumewaona.

#37 Kamusi Kichwani

Mnajua mchakato wa kumtangaza Otunga mtakatifu umefika wapi? Anaitwa Mtumishi wa Mungu. Na Mwalimu Nyerere vilevile, tangu Jimbo la Musoma lianze mchakato wake. Kwa Wakatoliki hiyo ni ngazi ya kwanza: Mtumishi wa Mungu, halafu Venerabilis (mstahili heshima), halafu Mwenye heri, halafu Mtakatifu. Kwa hiyo hapo mtumishi ni cheo tena, lakini ni cheo unachopewa ukishakufa, huwezi kukikalia kwenye mahameli. Naona hapo walitumia akili.

#38 Mjamaa Mstaafu

Mwalimu umemtaja, basi nami niingie. Januari 1962, wiki sita hivi baada ya Uhuru, alijiuzulu uwaziri mkuu akaenda vijijini kukijenga chama. Nani leo anaweza? Na ahadi ya mwanachama wa TANU tuliikariri: cheo ni dhamana, sitakitumia cheo changu wala cha mtu mwingine kwa faida yangu. Azimio la Arusha 1967 likaiwekea meno. Kiongozi asiwe na mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. Hiyo ni Marko 10 imeandikwa kwa lugha ya serikali.

#39 Nyakato

Desemba ya mwaka uleule akarudi kama Rais. Alishuka kwa ngazi akapanda kwa lifti.

#40 Mjamaa Mstaafu

Na 1985 akashuka tena kwa hiari akaenda Butiama kulima. Malizia hadithi.

#41 Nyakato

Uenyekiti wa chama alibaki nao mpaka 1990. Tumalizie yote.

#42 Mjamaa Mstaafu

Kijana, umri wako tafadhali.

#43 Mtoto wa Mchungaji

Nimesoma yote na naona mnawaonea. Baba yangu alikuwa mchungaji wa mitaa mitano, baiskeli moja, mvua na jua. Alizika watu usiku. Mtu akiugua ni kwetu, mume akimpiga mke ni kwetu, mtoto akikosa ada ni kwetu, na asipopata msaada tunasemwa sisi. Waswahili wanasema mkubwa ni jalala, na jalala lenyewe lilikuwa ni sebule yetu. Akienda mtaa wa mbali wanamtolea kiti kimoja chenye mito, anakikataa, wanakasirika. "Unatudharau, unadhani hatuwezi kumkalisha mgeni?" Mwishowe alijifunza kukaa.

Kwa hiyo kile kiti si lazima kiwe kiburi cha mgeni. Kinaweza kuwa heshima ya wenyeji. Petro alikataa kutawadhwa akadhani ndio unyenyekevu, akaambiwa nisipokutawadha huna shirika nami. Kupokea nako kunatesa.

#44 Kandambili (mleta mada)

@Mtoto wa Mchungaji, hoja yako nimeipokea, na baba yako ningemtolea kiti mimi mwenyewe. Lakini Petro alipotawadhwa hakuondoka na bahasha.

#45 Mtoto wa Mchungaji

Hapo sina neno.

#46 Fundi Baiskeli

Nirudi kwa @Mwana Mkunazini, nimekuwa nikilifikiria swali lake tangu jana nikiziba pancha. Yuko mtakatifu anaitwa Josephine Bakhita, wa Darfur. Alitekwa utotoni, akauzwa na kuuzwa tena, mpaka akafika Italia. Huko akapata uhuru wake, akaingia utawa mwenyewe kwa hiari, na kazi aliyojulikana nayo mji wa Schio ni kufungua mlango. Bawabu. Alikufa 1947, akatangazwa mtakatifu 2000. Mtu ambaye aliwahi kuwa mtumwa kwa nguvu anachagua kukaa mlangoni. Nadhani kilichogeuka hapo si kazi, ni nani aliyeamua. Majaliwa naye hivyohivyo labda. Na dada wa zamu: nyumba ile hakuchagua, hivyo hawakuwa na haki ya kuiita ile kazi unyenyekevu wake. Ilikuwa ni kazi, ilipwe.

#47 Mzee wa Mbalizi

Hapo nakuunga mkono, ingawa bado alikwezwa mwisho, na wewe umetaja mwaka wenyewe.

#48 Fundi Baiskeli

Alikwezwa akiwa kaburini mzee!

#49 dada_wa_zamu

Asante fundi. Mshahara ule sijalipwa mpaka leo ila sasa niko kwingine, nalipwa tarehe moja. Bibi aliyepooza alifariki, nilikwenda msibani. Nilikwenda kwa ajili yake.

#50 Bakari wa Chumbageni

Mungu akulipe dada. Na hao nao walipe.

#51 Mwenge wa Jioni

Mleta mada, turudishe mada. Yule mama wa sufuria umemwuliza mwenyewe anaonaje? Tunajadili ukubwa wake kurasa tatu na yeye hayumo.

#52 Kandambili (mleta mada)

Nilimwuliza juzi Jumatano baada ya ibada ya katikati ya wiki. Nikamwambia mama, sisi tunaona wewe ndiye mtumishi hasa. Akaniangalia. Akasema, "Kama ni hivyo nishikie hili sufuria nimwage maji." Nikashika. Likaniungua. Akasema kesho yake niende na magunia mawili ya mkaa, maana ule wa kanisa umeisha na kamati haijatoa pesa.

#53 Chachandu

Hahaha! Umeomba kiti umepewa kikombe.

#54 Nyakato

Na mkaa ulipeleka?

#55 Kandambili (mleta mada)

Gunia moja. La pili mwisho wa mwezi.

Jambo jingine wakuu, hili si la mada. Jumapili kamati imepitisha kununua viti vitano zaidi vya mahameli, vya wazee wa kanisa, ili wasipitwe na wageni. Na mimi ndiye nimepewa kazi ya kutafuta fundi. Kuna mtu anamjua fundi sofa mzuri Keko ambaye hachelewi na kazi ya watu?

#56 Ngazi ya Chini

Keko wapo wengi, nenda na kipimo cha mlango kwanza. Sisi vya kwetu viligoma kuingia, vikalala nje siku mbili kwenye mvua.

#57 Chachandu

Aulize na bei ya kiti cha sita. Cha mhudumu wa mlangoni.